Dumu la Tope: Siku Saba Kutoka Dar es Salaam hadi Pangani

Siku ya kwanza, Jumatatu: Dar es Salaam

Katika maabara moja hapa mjini, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa hali hiyo haiko kwake peke yake, kuna mashine ya kupimia gesi iliyoletwa na mradi wa ushirikiano wa kimataifa uliokwisha kabla sijaanza masomo yangu ya uzamivu. Mashine yenyewe ni nzima. Inachokosa ni mtungi mdogo wa gesi ya kusawazishia vipimo, ambao huagizwa nje ya nchi, na ambao mradi uliofuata haukuutengea fedha kwa sababu aliyeandaa bajeti aliona kwenye orodha kwamba mashine ipo, akaendelea na mambo mengine. Sasa imefunikwa kitambaa chenye maua, kama redio ya bibi yangu.

Mashine ikinyamaza, mtafiti hurudi kwenye bomba la sindano. Unavuta gesi kiasi unachokijua, unavuta na maji yaliyokolezwa kostiki, ileile wanayotumia akina mama kutengenezea sabuni, kisha unatikisa kwa dakika chache. Kaboni dioksaidi humezwa na kostiki, na gesi inayobaki juu ya maji ni methani, ile inayowaka, karibu yote. Unasoma mistari ya bomba, unaandika. Leo nimefunga mabomba ya sindano kumi, chupa ya kostiki, glovu, buti za mpira, na dumu la lita 20 ambalo kifuniko chake nimekitoboa na kupitisha mpira mwembamba wenye kibanio.

Kazi iliyonipa safari hii ni ya ushirikiano pia. Chuo chetu na chuo kimoja cha Ulaya tunatafuta kujua ni vijidudu gani vinavyoweza kuyageuza mabaki ya mkonge kuwa bayogesi, gesi ya kuwasha inayotoka vitu vinapooza bila hewa, kwa haraka zaidi. Sehemu ya tope nitakalochota itabaki hapa kwa majaribio, na sehemu ndogo itapelekwa kwa wenzetu ili vinasaba vyake visomwe. Profesa wangu alikataa nisafiri mpaka mkataba wa kuhamisha sampuli utiwe saini na pande zote mbili, akikumbusha kwamba Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za viumbe, haihusu miti na wanyama tu; hata kijidudu kisichoonekana kwa macho, kikichukuliwa katika nchi fulani na kuzaa faida kwingine, kina wenyewe wanaopaswa kugawiwa. Saini ilichukua muda mrefu kuliko kuandika pendekezo zima la utafiti.

Siku ya pili, Jumanne: Dar es Salaam hadi Hale

Basi liliondoka stendi ya Mbezi alfajiri. Chalinze tulikunywa chai, Segera tukaacha barabara ya Moshi na kushika ya Tanga, na kutoka hapo macho hayana pa kukimbilia: mkonge kulia, mkonge kushoto, mistari iliyonyooka kama ya daftari, na hapa na pale mlingoti mmoja uliopanda juu ya mmea unaokaribia kufa, kwa maana mkonge huchanua mara moja tu katika maisha yake.

Hale ni mji mdogo unaojulikana zaidi kwa umeme wa maji. Kituo chake cha megawati 21 katika mto Pangani kilianza kazi mwaka 1964, mwaka ambao uzalishaji wa mkonge Tanzania ulifika kilele cha takribani tani 230,000. Kwa mtu wa fani yangu, hata hivyo, Hale ni jina la jambo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ulijengwa hapa mtambo wa kwanza wa kibiashara wa kuzalisha umeme kutokana na mabaki ya mkonge, ukianzia na kilowati 150, kwa ushirikiano wa kampuni ya Katani, serikali ya Tanzania, Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Kilowati 150 ni kidogo sana ukilinganisha na maporomoko ya mto ule. Lakini maji ya mto hupungua kiangazi, na mabaki ya mkonge hutoka kila majani yanapokamuliwa.

Mtambo ule haukuota kama uyoga. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya kazi ya maabara katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu yake ikifadhiliwa na Sweden kupitia BIO-EARN, mtandao wa bioteknolojia uliounganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia kuanzia mwaka 1999 hadi 2010. Watafiti kama Anthony Mshandete na Amelia Kivaisi walifanya kazi na Bo Mattiasson wa Chuo Kikuu cha Lund. Utaratibu wa mafunzo wa aina hiyo ni kwamba mwanafunzi anakwenda Ulaya kwa miezi, anarudi kukusanya sampuli na kuendesha majaribio, anakwenda tena, na swali la utafiti wake linabaki huku nyumbani. Mimi ni mjukuu wa utaratibu huo: aliyenifundisha alifundishwa na mtu aliyefundishwa hivyo. Sijui mashine ngapi za miaka ile bado zinafanya kazi, lakini watu bado wanafundisha.

Siku ya tatu, Jumatano: kwenye korona

Shamba nililokwenda halitatajwa. Ni moja kati ya yaliyo kando ya barabara hii. Kiwanda cha kukamua majani huku wanakiita korona, na ukiwa nusu kilometa unakisikia, ukiwa robo kilometa unakinusa.

Matita ya majani hushushwa, hufunguliwa na kutandazwa kwenye mkanda unaoyapeleka kwenye magurudumu mawili yenye visu butu. Visu hivyo havikati. Vinaponda na kukwangua nyama ya jani huku maji yakimiminika, na upande wa pili singa, yaani nyuzi za mkonge, hutoka ndefu, zimelowa, nyeupe zenye ukijani, zikachukuliwa kuanikwa kwenye waya. Hiyo ndiyo sehemu inayopigwa picha. Mimi nilizunguka nyuma, kwenye mfereji, ambako kila kilichobaki kilikuwa kikiteremka: uji mzito wa kijani, vipande vya maganda, singa fupi zilizoponyoka, na povu. Katika kila kilo 100 za jani, singa ni takribani kilo nne. Kilo 96 zinapita kwenye mfereji huu. Tani 230,000 za kile kilele cha mwaka 1964 zilikuwa na mabaki kiasi gani nyuma yake, na yalikwenda wapi, ni hesabu ambayo mito ya mkoa huu ingeweza kuisimulia vizuri kuliko sisi.

Nilitumbukiza mkono wenye glovu, lakini utomvu ulipenya kwenye kifundo na kuwasha mpaka usiku. Ulikuwa mchachu, karatasi ya kupimia asidi ilibadilika rangi mara moja. Uchachu huo ndio kiini cha tatizo letu. Vijidudu vya hatua za mwanzo huvunja sukari za mkonge haraka na kutoa asidi, na vile vya mwisho, vinavyotengeneza methani, ni vya polepole na havivumilii asidi ikizidi. Mtu akilisha tangi la bayogesi kwa pupa, asidi hujaa, watengeneza methani hufa, na tangi hubaki likinuka bila kutoa kitu cha maana. Ni sawa na jiko la harusi ambalo wakata vitunguu ni ishirini na mpishi ni mmoja.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kuwa nyapara, mtoto wa manamba, kibarua wa mkataba wa mashambani, aliyeletwa kutoka Songea wakati wa Mwingereza.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Wazungu au wa chuo?”

“Wa chuo, mzee, ila fedha ni za Wazungu.”

Aliguna, akanitangulia kwenda kwenye mabwawa. Njiani aliniambia kwamba nilikuwa mtu wa nne au wa tano kuja na chupa. “Wote walijaza, wakanipiga picha, wakaondoka. Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo, lakini hilo ni la wageni wa starehe. Mtu aliyekuchukulia kitu chako akakipime si arudi akwambie kina nini?”

Sikuwa na jibu, na sikujitia kuwa nalo. Katika pendekezo letu la utafiti kuna ukurasa mzima kuhusu kusambaza matokeo, na hakuna mstari unaotaja kurudi kwenye korona.

Bwawa la tatu, la zamani kuliko yote, ndilo nililolitafuta. Juu yake pana utando mweusi uliopasukapasuka kama ngozi ya chungu, na mapovu hupanda yenyewe, moja hapa, mawili pale. Mzee alichukua mti mrefu akasukuma chini. Uso wa bwawa ukachemka. “Huyu bwana anapika usiku na mchana,” alisema, “na hapakui.” Tope la bwawa la namna hii, lililozoea mkonge kwa miaka, ndilo mbegu bora ya kuanzishia tangi, kwa sababu ndani yake wamebaki wale tu walioweza kuishi na asidi na lignini, ile sehemu ngumu ya mmea isiyooza upesi. Fedha za ushirikiano wa nchi mbili, na safari za ndege, na vinasaba vitakavyosomwa kwa mashine za bei ya nyumba, vyote vinategemea bwawa ambalo hakuna aliyelibuni.

Vijana wawili wa korona walinisaidia kuchota kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti. Tulijaza dumu mpaka karibu na shingo, kwa kuwa oksijeni ni sumu kwa watengeneza methani na nafasi ya hewa inapaswa kuwa ndogo. Nilipokuwa naandika lebo, tarehe, bwawa, kina, joto la tope, mzee aliinama kusoma. “Na waliochota?” aliuliza. Niliwauliza majina yao nikayaandika kwenye daftari. “Na majibu yakitoka, niambie, hata yakiwa mabaya.” Nilichukua na namba yake ya simu.

Siku ya nne, Alhamisi: Mlingano, na ua wa mbono

Kituo cha utafiti cha Mlingano, Ngomeni wilayani Muheza, kilianzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya mkonge. Nilikuja kuuliza jambo dogo kuhusu aina za mkonge na kiasi cha sukari katika majani yake, nikajibiwa kwa ukarimu, nikaonyeshwa mashamba ya mfano.

Jina lililorudiwa mara nyingi ni Chotara 11648. Mmea huo ulizalishwa huku, katika kazi iliyoanzia Amani, kule milimani ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, na wazazi wake ni aina mbili za jamii ya mkonge, mmoja wao akibeba jina la Amani hadi leo katika vitabu vya mimea. Hutoa majani mengi zaidi katika maisha yake kuliko mkonge wa kawaida. Leo ndio unaotawala mashamba ya mkonge ya kusini mwa China. Mtu anayezungumzia ushirikiano wa utafiti na nchi zinazoendelea kana kwamba ni bomba linalotiririka upande mmoja, kutoka kwa wenye nacho kuja kwa wasio nacho, angefaa kusimama hapa Mlingano robo saa tu. Ni kweli kwamba kituo kilikuwa cha mkoloni na faida ilikuwa ya wenye mashamba. Lakini kitu kilichokwenda China kilitoka kwenye udongo huu, na hakuna mkataba wa kuhamisha sampuli uliokisindikiza.

Jioni, kwenye nyumba niliyofikia, nilikuta ua wa mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta yanayoweza kutumika kama dizeli. Mwenye nyumba alicheka aliponiona naukagua. “Na wewe unanunua mbegu?” Alikumbuka, kama wengi wanavyokumbuka, miaka ile ya kuanzia 2005 hivi ambapo bei ya mafuta ya petroli ilipanda na kila mgeni aliyeshuka kwenye gari jeupe alikuwa na habari za mbono: unaota popote, hauhitaji maji, hauliwi na mifugo, mbegu zake zina mafuta zaidi ya robo ya uzito wake.

Kila neno katika hayo lilikuwa na ukweli wake, na ndiyo maana uongo wake ulikuwa mgumu kuutambua. Mbono huishi pakavu, lakini kuishi si kuzaa. Ukinyimwa maji na mbolea hukupa ua mzuri na mbegu haba. Mifugo haiuli kwa sababu una sumu, na sumu hiyo hubaki kwenye mashudu, kwa hiyo mkulima hapati hata chakula cha ng'ombe baada ya kukamua. Huko Kisarawe kampuni moja ya Uingereza ilipewa ardhi ya zaidi ya hekta 8,000 iliyokuwa ya vijiji 11, na mwaka 2011 kazi zikasimama. Kenya, utafiti wa mwaka 2009 uliofanywa na kituo cha kilimo-mseto chenye makao Nairobi, taasisi ya misitu ya nchi hiyo na washirika wao, kwa fedha za shirika la Ujerumani la ushirikiano wa kiufundi, uliwafuata wakulima mashambani mwao na kukuta mavuno madogo mno. Ushauri wake ulikuwa mbono upandwe kama ua tu.

Yaani jibu la utafiti lilikuwa lilelile la bibi aliyepanda ua huu. Sisemi hivyo kwa kuudharau utafiti. Nasema kwa sababu ulikuja baada ya hekta, badala ya kuja kabla. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Ujerumani pia, lilifanya uchambuzi wa nishati mimea na usalama wa chakula katika nchi tatu, Tanzania, Peru na Thailand, na kwa Tanzania matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Mwaka huohuo serikali ilitoa miongozo ya nishati mimea. Kazi zote mbili zilihitajika. Lakini wakati huo hati za ardhi zilikuwa zimekwisha kutoka.

Siku ya tano, Ijumaa: Tanga mjini

Nilikwenda Deep Sea, kwenye soko la samaki, kabla jua halijawa kali. Nilihitaji matumbo ya samaki.

Sababu yake iko katika jaribio la mwaka 2004 la Mshandete na wenzake, ambalo nadhani ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote yaliyofanywa nchini katika fani hii, na ambalo nje ya fani halijulikani kabisa. Mkonge una kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Samaki ni kinyume chake. Mkonge peke yake ulitoa mita za ujazo 0.32 za methani kwa kila kilo ya mada kavu yenye asili ya uhai, na samaki peke yake 0.39. Walipochanganya theluthi moja ya samaki na theluthi mbili za mkonge, walipata 0.62. Kila mmoja alimpa mwenzake alichokosa, na naitrojeni ya samaki ikasaidia kuzuia ule uchachu nilioueleza juzi. Miaka miwili baadaye Mshandete alionyesha kwamba hata kukata singa taka kuwa vipande vya milimita mbili, kazi ya shoka na subira, kunaongeza methani kwa asilimia 23. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachohitaji ardhi mpya.

Mama mmoja mparuaji alinijazia mfuko bila bei. “Haya matumbo, dada, unayapeleka wapi?”

“Maabara, mama. Nataka kuyachanganya na mkonge yatoe gesi.”

Aliwageukia wenzake. “Mwaona? Paka wa Deep Sea wameshapata mshindani mwenye digrii.” Walicheka mpaka nikacheka nami. Kisha akaniuliza kwa makini kwamba gesi hiyo ikitoka atalipwa nani, aliyetoa mkonge au aliyetoa samaki. Nimehudhuria warsha za siku tatu ambazo hazikufika kwenye swali hilo.

Matumbo niliyaweka kwenye deli lenye barafu.

Siku ya sita, Jumamosi: Pangani

Hii haikuwa kwenye ratiba. Dereva wa gari la kukodi alikuwa anakwenda Pangani na kurudi, nami nilitaka kuona upande wa Kikokwe, ambako Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ambako ulikuwa umefika kutoka Mexico, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62. Iko hadithi inayopendwa sana kwamba miche ilifichwa ndani ya mamba aliyekaushwa, kwa sababu Wameksiko hawakutaka mkonge wao utoke. Mamba simwamini, ila naelewa kwa nini hadithi imedumu.

Mbono nao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mimea miwili ya upande mmoja wa dunia, yote ikaletwa kwetu na wageni, mmoja ukakaa.

Tulivuka mto kwa pantoni, tukatembea kidogo kati ya minazi, tukarudi. Hakuna cha kuona zaidi ya mashamba.

Siku ya saba, Jumapili: kurudi

Dumu liliwekwa kwenye buti la basi baada ya mabishano na kondakta, aliyesema linanuka kama pweza aliyeoza na kwamba akilipa faini ya mzigo wa hatari nitamlipa mimi. Gesi ilikuwa inaendelea kutengenezwa humo ndani, kwa hiyo Segera, kisha Chalinze, nilishuka kubana na kubanua kibanio, nalo likapiga mluzi mwembamba. Mara ya pili kondakta alisogea kusikiliza. “Kumbe liko hai,” alisema, akaacha kugomba.

Nilifika maabara saa mbili usiku. Sikungoja kesho. Nilivuta gesi kutoka kwenye mpira wa dumu, nikavuta kostiki, nikatikisa, nikasimamisha bomba kwenye mwanga. Zaidi ya nusu ya gesi ilibaki juu ya maji. Nilirudia mara tatu, ikawa hivyohivyo. Nilimwandikia mzee kwamba bwawa lake linatoa methani nzuri, na kwamba hayo ni majibu ya kwanza tu. Baada ya dakika kumi alijibu: “Ya kupikia?” Nikamwambia bado, lakini ni ileile.

Kisha nilijaza vichupa vidogo vitakavyokwenda Ulaya na kuanza fomu zake. Nafasi ya mkusanyaji ilikuwa na urefu wa jina moja. Niliandika matatu, kwa herufi ndogo, yakaenea.